Panya wa Dakta Litunu

Dakta Litunu alizikwa Newala mwezi uliopita, na mimi sikwenda. Kutoka hapa Masasi ninapoishi si mbali, magari yako tele, na khanga za msibani ninazo. Watu waliojua kwamba niliwahi kufanya kazi kwake walinipigia simu kuniuliza tutaondoka saa ngapi, nikawaambia goti linanisumbua. Goti halikuwa na tatizo lolote. Siku ya maziko nilikaa uani nachambua mbaazi, nikamsikia jirani yangu akimweleza mwenzake upande wa pili wa ua: "Amekufa yule profesa wa ubongo wa Newala. Mtu wa watu! Wagonjwa wa akili walikuwa hawana mtetezi kama yeye." Nilitamani kumsahihisha, kisha nikaona kwamba kwa neno moja moja hakusema uongo. Dakta alisimama kwenye mikutano mingi akawatetea wagonjwa wale, na mimi mwenyewe nimewauguza kwa sehemu kubwa ya maisha yangu kwa sababu yake. Hilo ndilo linaloniuma. Angekuwa mtu mbaya tangu mwanzo, mwaka ule niliofanya kazi kwake ningekuwa nimeshausahau.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi wala pa kwenda. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya biashara huria, kila kitu kimefunguliwa kwa mpigo. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti tu yalijaa redio na vitenge, mitumba ilimwagwa chini sokoni, na wanunuzi binafsi wa korosho walipanda na malori yao hadi Newala na Tandahimba kushindana na ushirika, ambao ulikuwa unakufa kimyakimya. Ghala moja la ushirika nje kidogo ya mji wa Newala lilikuwa limebaki tupu, na Dakta Litunu akalipanga. Alikuwa kijana wa pale pale Newala aliyesoma hadi Ulaya, mwalimu wa chuo kikuu. Mshahara wa chuo haukumtosha, kama walimu wenzake wote wa wakati ule, lakini yeye alikuwa amepata wafadhili wa utafiti wake. Alitafuta msichana anayejua kuandika vizuri na asiyeogopa panya. Nilipopanda kutoka Masasi na begi langu, ukungu wa Newala ulikuwa mzito kiasi kwamba nilimsikia akinisalimu kabla sijamwona.

Ghala lilinuka korosho hata baada ya kupigwa deki mara nyingi, harufu ile ya mafuta makali inayokaa kooni. Ukutani tulipanga vizimba vya mbao na wavu, na ndani yake panya wa mashambani. Sisi watu wa kusini panya wa shambani ni kitoweo. Tunamwita samaki nchanga, samaki wa kwenye mchanga, na hakuna anayeona aibu. Kwa hiyo watu waliozoea kuwatega walishangaa kuambiwa wawalete wakiwa hai. "Dakta, unawanenepesha mpaka lini?" walimtania. Yeye alicheka nao. Aliwataka panya wa porini makusudi, alisema, kwa sababu panya weupe wa maabara wamezaliwa kizimbani vizazi na vizazi na hawajui tena kinachoitwa kukimbia. Alitaka mnyama anayejua uhuru, ili aone jinsi anavyoupoteza.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Panya wa kundi moja walisumbuliwa na umeme mdogo miguuni, ambao waliweza kuuzima wakikanyaga kibao. Wa kundi la pili walisumbuliwa vilevile, kwa muda uleule, ila kibao chao hakikuzima kitu. Baadaye wote tuliwatia mmoja mmoja kwenye ndoo kubwa ya maji tukatazama. Wa kundi la kwanza walipiga miguu, wakazunguka, wakarukia ukingo. Wa kundi la pili walihangaika kidogo tu, kisha wakatulia, pua juu ya maji, macho wazi. Maji yenyewe yalituletea ugomvi. Juu kule maji yalikuwa ya shida, wanawake waliyafuata bondeni au waliyangoja bombani tangu alfajiri. Siku moja mama mmoja aliyepita na ndoo kichwani alichungulia mlangoni, akaona panya wanaogelea, akaitua ndoo yake chini ili aseme vizuri. "Ntoto wangu sijamwogesha tangu juzi," alisema, "nyie panya wenu wanaoga!" Dakta alitoka nje, akamwamkia shikamoo, akamweleza kwa Kimakonde, taratibu, bila kumdharau, mpaka mama yule akaitika marahaba na kuondoka akitikisa kichwa. Mimi nilimtazama nikasema moyoni, huyu ndiye msomi.

Siku panya wa kwanza alipotulia majini, nilidhani amekufa. Dakta alimtoa kwa mikono yake miwili, akamfunga kwenye kitambaa, akachuchumaa naye karibu na jiko la mkaa mpaka manyoya yakakauka. Nikamuuliza kama panya yule alikuwa mvivu. Alimrudisha kizimbani, akachukua chaki, akachora kichwa cha panya kwenye ukuta wa ghala na ndani yake kitu kisichozidi punje ya mtama.

"Hapa," alisema, "ndipo habari mbaya inapopokelewa. Mnyama akitegemea kitu kizuri asikipate, hapa panapiga kelele. Kelele inafuata njia hii mpaka huku chini," akachora mstari na duara, "inazinyamazisha chembe hizi, ambazo kazi yake ni kumpa mnyama hamu. Hamu ya kula, ya kutembea, ya kujaribu. Kwa kawaida kelele inapigwa, inaisha, mnyama anaendelea na mambo yake. Lakini muumize mahali ambapo hana la kufanya, muumize kwa muda mrefu, kelele haiishi tena. Njia imeshachimbika. Hata ukimfungulia mlango, hatoki."

"Kwa hiyo si mvivu."

"Neno hilo usilitumie humu ndani, Skola. Mvivu ni anayeweza akakataa. Huyu hawezi. Ni ugonjwa, kama mguu uliovunjika. Tofauti ni kwamba mguu unauona."

Nilikuwa binti mdogo. Nilikuwa nimewaona watu wa namna ile, wanaokaa wameegemea ukuta wakati wenzao wako shambani, na nilikuwa nimesikia wakiitwa wavivu, wamerogwa, wana majini, wana kiburi. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba kuna njia ndani ya kichwa na kwamba inaweza kuchimbika. Nilimwamini kama watu wanavyoamini dini. Kwa miezi kadhaa niliamka kila asubuhi nikiwa na furaha ya kwenda kuosha vizimba, na jioni alinifundisha kupima, kuweka chupa mbili za maji, moja yenye sukari na moja isiyo na sukari, na kuangalia jinsi panya wazima wanavyoing'ang'ania ile tamu huku wale waliotulia majini wakinywa yoyote iliyo karibu, kwao yote ni sawa.

Nilikaa nyumbani kwake, chumba cha uani kinachopakana na jiko. Mkewe aliitwa Zuhura, mtu wa Nanganga, kule chini barabarani, na alikuwa na mimba kubwa nilipofika. Alinizidi miaka michache tu, nikamwita dada. Alikuwa na kelele za kupendeza. Alipika ugali wa muhogo na kisamvu alichokiunga kwa korosho za kutwangwa, na wakati wote wa kupika alisimulia: nani kamwacha nani, mnunuzi gani wa korosho ana mizani ya wizi, mitumba gani imefunguliwa leo na nani amechukua gauni gani. Msimu wa ming'oko alichemsha sufuria nzima tukakaa kwenye mkeka tunamenya viazi vile vya porini kwa kucha, yeye amenyoosha miguu iliyovimba, anacheka mpaka anaomba Mungu amzuie asijifungulie pale pale. Dakta alipoingia alisimama mlangoni kwanza kumsikiliza. Niliona jinsi alivyomtazama. Hapo pia sikudanganyika, alimpenda.

Alijifungua mtoto wa kike, wakamwita Salma. Kuanzia siku ile hakuna aliyemwita tena Zuhura isipokuwa mimi. Alikuwa Mama Salma, na mumewe Baba Salma. Mtoto alipata homa kabla hajaanza kukaa, homa ile ya kawaida inayowachukua watoto wengi msimu wa mvua, na ilikwenda naye haraka. Baada ya maziko, wanawake waliokuja kuhani walifungua mdomo kusalimia wakakwama, hawakujua wamwite nani. Wengine walimeza salamu wakakaa chini tu. Yeye alikaa kwenye mkeka, ameegemea ukuta, na wanawake walipoondoka, mkeka ukakunjwa, yeye akaendelea kukaa.

Mwanzoni kila mtu alimwonea huruma. Baadaye huruma ikaanza kuchoka, hasa ya Bi Mwanaidi, mama mzazi wa Dakta, aliyehamia pale kusaidia. Bi Mwanaidi alikuwa amezika watoto wake mwenyewe na alikuwa ameamka siku iliyofuata akaenda shambani, na alilisema hilo kila asubuhi akifagia karibu na miguu ya mkwe wake. Zuhura hakujibu. Alioga akiogeshwa, alikula akiwekewa tonge mkononi, na mara nyingi tonge lilibaki pale pale kwenye vidole mpaka likakauka. Mimi ndiye niliyempikia chai. Siku moja sukari iliisha nikampelekea chai kavu, nikiwa na maneno ya kumwomba radhi, kwa kuwa huyu ni mtu aliyekuwa akitia vijiko mpaka Dakta anamtania kwamba anakunywa sharubati. Aliinywa yote. Kesho yake nikampelekea yenye sukari, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Nilibaki nimeshika kikombe kitupu. Niliacha kila kitu nikaenda ghalani mbio.

"Dakta," nilimwambia, "dada Zuhura. Si ndiyo yale? Si ndiyo haya haya tunayoyaona hapa?"

Alikuwa ameinamia hadubini. "Umeona vizuri," alisema bila kuinua kichwa, na sauti yake ilikuwa nzito. "Nimeona pia. Tutampeleka hospitali."

Sina maneno ya kueleza fahari niliyokuwa nayo siku ile. Si fahari ya ugonjwa wa dada yangu, bali ya kwamba yupo mtu mmoja duniani anayejua hasa ni nini kinachomsumbua, na mtu huyo ni mumewe. Nilifikiri, ana bahati. Wanawake wangapi wamezama hivi bila mtu yeyote wa karibu kujua jina la kilichowazamisha? Nikasubiri. Siku zikapita na hakuna aliyetaja hospitali. Badala yake ghala likapakwa chokaa upya, vizimba vikabadilishwa wavu, maana wafadhili walikuwa wanakuja kuona kazi ilipofikia. Jioni moja nikiwa jikoni napepea moto, nilimsikia Dakta na mama yake barazani.

"Wageni wako watalala wapi?" aliuliza Bi Mwanaidi.

"Hapa hapa, mama. Watakula hapa."

"Na nke wako atakaa wapi? Pale ukutani, kama gunia? Watauliza, huyu nani. Utasema nini?"

Dakta akasema, taratibu, "Watasema nashindwa kumtibu mtu wa nyumbani kwangu, halafu nawaomba pesa za kutibu dunia."

"Basi," alisema mama yake.

Sikuelewa "basi" ile. Nilielewa kwamba aibu imemshika na kwamba sasa hospitali itaharakishwa. Na kweli, siku mbili tatu baadaye aliniita. Aliniambia gari liko tayari, kesho tunampeleka hospitali ya misheni, ile iliyo barabarani ukishapita Masasi kuelekea Nanganga. Shida ni kwamba Zuhura hataki kutoka ndani. "Mimi hanisikilizi," alisema. "Mama ndiyo kabisa. Wewe anakuamini, Skola. Zungumza naye." Nilikaa na Zuhura kwenye ukingo wa kitanda. Nilimweleza yote niliyofundishwa, punje ya mtama na njia na kelele isiyoisha, kwa maneno yangu mwenyewe, nikamwambia siyo kosa lake na si uchawi, na kwamba kuna dawa, na kwamba mumewe anajua. Alinisikiliza akitazama mlango. Alipozungumza sauti ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kutumika.

"Wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Ukienda wewe, nitakwenda."

Tuliondoka jua likiwa limeshapanda, Dakta akiendesha pikapu ya mradi, sisi wawili tumekaa kando yake. Nyuma kulikuwa na mzigo umefunikwa turubai. Nilifikiri ni vitu vya mradi vya kushusha Masasi. Tulishuka kutoka juu, ukungu ukabaki nyuma, joto likaanza, na Masasi tulisimama chini ya yale majabali yake tukanywa chai na maandazi kwenye hoteli moja ya barabarani. Dakta alimmenyea mkewe ndizi. Nakumbuka vidole vyake vikivuta zile nyuzi nyeupe moja moja, kwa uangalifu uleule wa ghalani. Kisha tukaendelea. Nilipoanza kuona miti ya misheni na watu wanaotembea na vyombo vya chakula vya wagonjwa, nilimshika Zuhura mkono nikamwambia, "Tumefika." Geti lilikuwa wazi. Mlinzi aliliona gari letu akasogea pembeni kutupisha tuingie. Gari halikupunguza mwendo. Niliona uso wa mlinzi ukitufuata, kisha geti likawa nyuma yetu.

"Dakta, umepita."

"Tunawasalimu wazee kwanza," alisema, macho mbele. "Ni adabu."

Zuhura aliutoa mkono wake ndani ya mkono wangu. Hakuuvuta kwa nguvu, aliutoa tu, akauweka kwenye paja lake. Alikuwa ameelewa kabla yangu.

Nanganga tulipokewa na mjomba wa Zuhura, Mzee Selemani, mdogo wa mama yake, ambaye kwa desturi za kwetu ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake. Tuliketishwa ukumbini. Maji yakaletwa, salamu zikazunguka. Dakta alizungumza vizuri kama kawaida yake. Alisema amekuja kwa heshima. Alisema alipewa mke hapa na hana ugomvi na mtu. Kisha akasema kwamba mke huyo hapiki, hafui, haogi mpaka aogeshwe, mama mkwe wake mzee ndiye anayemtumikia, na kwamba amevumilia kama mwanamume anavyotakiwa kuvumilia. "Mjomba," alisema, "nimemrudisha. Ni mvivu. Sijui mlimlea vipi, lakini mimi uvivu siuwezi."

Alilitamka neno lile mbele yangu. Hakunitazama, lakini alijua nipo. Nje, vijana wawili walikuwa wameshafunua turubai wanashusha sanduku la bati la Zuhura, magodoro, na sufuria zake alizoolewa nazo. Nilitoka nikamfuata alipokwenda kwenye gari. Yote niliyotaka kusema yalitoka kama swali la mtoto.

"Dakta, ulisema neno hilo tusilitumie," nilimwambia.

"Ulisema mwenyewe umeona," nikaongeza. "Ulisema nimeona vizuri."

Alikuwa ameshika mlango wa gari. Alionekana amechoka, na kwa kitambo nilidhani atalia. "Yale ni panya, Skola," alisema. "Panya hana mama mkwe. Panya haletewi wageni. Panda gari, wafadhili wanafika keshokutwa na vizimba havijaoshwa."

Sikupanda. Nasimulia hili bila kujisifu, kwa sababu sikupanga. Miguu yangu haikwenda. Alisubiri, injini ikiunguruma, kisha akaondoka na begi langu likabaki Newala, na ndani yake nguo zangu zote. Sikulipata tena. Niliporudi ukumbini Zuhura alikuwa amegeuzia uso ukutani. Mama yake analia. Mjomba aliniuliza mimi ni nani kwa yule bwana, na nilipofungua mdomo kujieleza, Zuhura alisema neno moja bila kugeuka: "Walipanga pamoja."

Watu wangu, nimesemwa mengi maishani, lakini hakuna lililonikata kama lile. Nimewahi kujiuliza nani alimsaliti zaidi, na jibu ni rahisi, si mimi. Lakini yeye alilipanda gari lile kwa ajili ya neno langu, na Dakta alijua hatalipanda kwa neno jingine lolote. Alitumia imani aliyokuwa nayo mkewe kwangu, na imani niliyokuwa nayo mimi kwake, akaziunganisha kama kamba mbili akatuvuta mpaka Nanganga. Mzee Selemani alinisikiliza mpaka mwisho, bila kuniamini sana. Nilimweleza kuhusu geti. Nilimwambia mpwa wake si mvivu, ni mgonjwa, na hospitali tumeipita njiani. Alisema, "Hata kama unanidanganya, hospitali haidhuru." Asubuhi tulipata lifti ya lori la mnunuzi wa korosho, mimi, Zuhura na mama yake, tukarudi mpaka kwenye lile geti. Mlinzi alikuwa yule yule, na alitukumbuka.

Tulikaa pale muda mrefu. Wakati ule waliolazwa walipikiwa na ndugu zao, kwa hiyo mimi na mama yake tuliishi kwenye jiko la wagonjwa, moshi machoni, kila familia na mafiga yake, na wanawake wakibadilishana chumvi na habari. Mhudumu wa wodi alimpa Zuhura vidonge na kutuonya kwamba dawa hizi hazifanyi kazi haraka, tusikate tamaa mapema. Hazikufanya kazi haraka. Nilimpelekea uji, akaupokea kwa mama yake, si kwangu. Nikaja asubuhi, akafumba macho. Mama yake alinihurumia, akawa ananiachia nafasi, "Skola, kaa naye, mimi naosha vyombo," nami nikakaa na mgongo wake.

Kisha, siku ya kawaida kabisa, tulikuwa tumemtoa nje juani. Nilikuwa nachambua dagaa kwenye ungo. Akasema, "Unatupa vichwa vingi."

Niliacha mikono hewani.

"Ulijua?" aliuliza.

"Sikujua, dada. Niliambiwa hospitali."

Alinitazama sana, akiupima uso wangu. "Nilikuwa nawasikia wote," alisema. "Watu wanafikiri mtu akinyamaza hasikii. Nilimsikia mama yake akinifagilia miguu. Nilikusikia wewe na punje yako ya mtama. Nilitaka kuinuka, Skola. Kila siku nilijiambia, inuka. Ilikuwa kama kumwambia mtu mwingine." Akanyoosha mkono akachukua dagaa wachache kwenye ungo, akaanza kuchambua. Hakusema ameniamini. Alichambua nami mpaka tukamaliza.

Alipotoka hospitali alikuwa dhaifu, lakini alikuwa yeye. Alirudi Nanganga akaanza kukaanga maandazi kwa abiria wa mabasi, na kelele zake zikarudi kidogo kidogo, ingawa ziliacha kufika pale zilipokuwa zikifika zamani. Aliwaambia watu wote wamwite Mama Salma. Aliyeona vigumu na anyamaze. Mimi nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea uuguzi pale pale misheni, kwa msaada wa yule mhudumu wa wodi, na siku za mapumziko nilikwenda kumsaidia kukanda unga. Ndivyo nilivyokuwepo siku Dakta Litunu alipokuja.

Alikuja na kaka yake mkubwa, na kitenge kipya kimefungwa kwenye karatasi. Kazi yake ilikuwa imewapendeza wafadhili, watu walikuwa wameshaanza kumwita kwenye mikutano. Walikaa ukumbini pale pale. Kaka mtu alizungumza, akasema mambo ya ndani ya nyumba yana kupanda na kushuka, kijana alikosea kwa hasira, na sasa kwa kuwa Mungu amemwinua mgonjwa, wamekuja kumchukua. Mzee Selemani alimwita mpwa wake aje ajibu mwenyewe. Mama Salma alikuja na unga mikononi, akachuchumaa, akamwamkia shemeji yake vizuri, akamgeukia mumewe.

"Baba Salma," alisema, "nilipokuwa mgonjwa ulinirudisha kwetu. Sasa nimepona, na niko kwetu." Akainuka akarudi kwenye mafuta yake, kwa sababu basi la Lindi lilikuwa limeshapiga honi.

Kitenge kiliondoka kama kilivyokuja, ndani ya karatasi yake. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango, na Dakta alipotoka alisimama mbele yangu. Nilikuwa nimesubiri kwa muda mrefu kusikia ataniambia nini. Nilikuwa nimejitayarisha kwa samahani yake, hata nilikuwa nimeshaamua nitaipokeaje. Alimtazama mkewe kule barabarani, anavyopokea hela, anavyofunga maandazi kwenye gazeti, anavyomtania kondakta, akamtazama kwa makini mno, kisha akainamisha kichwa karibu na changu na kuuliza kwa sauti ile ya ghalani, sauti niliyoipenda:

"Skola, hebu niambie kitu kimoja. Nini kilirudi kwanza? Hamu ya chakula, au maneno?"

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe kumjibu. Nilikuwa nalijua jibu, siku hadi siku, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha kutazama. Nikaufunga.

"Ungekuwepo," nilimwambia, "ungeona."

Nikaenda barabarani kumsaidia Mama Salma, maana abiria walikuwa wengi.